Fazi, pagale na redio kaseti ya Mzee: miezi minane ya kutafuta sauti ya 1975 hapa Kigoma

Nianze na hukumu, ili mwenye bando dogo aondoke na jibu lake mapema. Nimetumia miezi minane na shilingi 1,340,000 hivi kutafuta sauti ya roki ya miaka ya sabini, ile yenye gitaa la kukwaruza na mwangwi unaoelea, nikirekodi nyumbani kwangu Ujiji kwa vifaa vya siku hizi. Pedali ya fazi (kiboksi cha kukanyaga kinachokwaruza sauti ya gitaa) ya Behringer SF300: nunua. Maiki ya Shure SM57: nunua, lakini soma kwanza yaliyonipata hapa chini. Saundikadi ya Focusrite Scarlett Solo, kifaa cha kuingiza sauti kwenye kompyuta: inatosha kabisa. Programu ya kurekodia ya Reaper: lipia, inastahili. Plagini (programu ndogo za kuongezea) za kuiga mkanda wa zamani: nimezifuta zote. Na kilichoshinda vyote ni redio kaseti ya Mzee wangu, ambayo haikunigharimu ila mkanda wa mpira na kusafishwa hedi.

Sauti yenyewe niliirithi. Mzee alikuwa mfanyabiashara wa ziwani. Alikuwa akipanda meli ya Liemba hapa bandarini na magunia ya dagaa na madumu ya mawese, anateremka Mpulungu upande wa Zambia, anarudi na vitenge, sabuni na chochote kilichokuwa adimu huku. Safari moja alirudi na kaseti isiyo na jalada, ya kurudufu, imeandikwa neno moja tu kwa wino wa bluu: ZAMBIA. Ilipigwa nyumbani Jumapili mchana, baada ya Tabora Jazz na Segere Matata yao, na mama hakuipenda hata kidogo. Alisema gitaa lile linalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya. Mimi ndilo nililokuwa nalisubiri. Nilikuwa nalala chali kwenye mkeka, kichwa karibu na spika, mpaka lifike.

Jina la bendi nilikuja kulijua nikiwa mtu mzima, siku nilipokutana na nyimbo zilezile YouTube: Amanaz, albamu inaitwa Africa, mwaka 1975. Ndipo nikajua kumbe kuna ukoo mzima. Vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya migodi ya shaba, walikuwa wakimsikiliza Jimi Hendrix na James Brown, wakashika magitaa ya umeme na kuimba kwa Kibemba, Kinyanja na Kiingereza. Rais Kaunda akaagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Kizambia, na bendi za nyumbani zikapata hewa. WITCH wakiongozwa na Jagari Chanda, Paul Ngozi na Ngozi Family yake, Musi-O-Tunya, Amanaz. Leo dunia inauita muziki huo Zamrock na kuuandika kama maajabu yaliyofukuliwa. Sisi wa Kigoma tunakunywa ziwa moja na watu wale.

Albamu hiyo ya Amanaz ina miksi mbili, na toleo lililorudiwa miaka ya karibuni lina zote mbili: moja kavu, nyingine imeloweshwa rivebu, yaani mkia wa mwangwi. Wapigaji walewale, upigaji uleule. Kabla hujatuma hata shilingi moja Kariakoo, zisikilize zote mbili kwa hedifoni, wimbo mmoja mara mbili mbili. Mimi nilikaa nazo usiku mzima. Nilikuwa naamini sauti ile imo ndani ya gitaa na pedali. Miksi kavu ilinionyesha gitaa lilivyokuwa hasa: kali, fupi, karibu na uso. Ule ukungu niliokuwa naupenda tangu utotoni ulitiwa baadaye. Kwa hiyo nikajua natafuta vitu viwili, mkwaruzo na ukungu, na kila kimoja kina dawa yake.

Mkwaruzo ndio fazi. Ukilipiga gitaa la umeme, wimbi lake la sauti ni mviringo, linapanda na kushuka kama mawimbi ya Kibirizi asubuhi. Fazi inalikata juu na chini, linabaki na mabega ya mraba, na hayo mabega ndiyo yanayokwaruza. Pedali ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilikuwa Maestro FZ-1 ya Marekani, mwaka 1962. Mwaka 1966 Waingereza wakatoa Fuzz Face, ile ya duara kama sahani, ambayo Hendrix aliifanya ijulikane. Nilitaka sana mfano wa Fuzz Face. Nikaacha kwa sababu moja: zile za kwanza zilitumia transista mbili za jemaniamu, na jemaniamu haielewani na joto. Chumba kikipata joto, umeme unaopita ndani yake unabadilika, na sauti nayo inabadilika. Mtu wa London anaweza kuishi na hilo. Mimi narekodi chumba chenye bati bila dari, saa nane mchana mwezi wa tisa.

SF300 inatoka ukoo mwingine. Baba yake ni Boss FZ-2 ya mwaka 1993, na babu yake ni Univox Super-Fuzz iliyotengenezwa na Shin-ei wa Japani mwishoni mwa miaka ya sitini. Ukoo huu una tabia moja ninayoipenda mno: pamoja na kukwaruza, unazaa noti ya pili, oktavu moja juu ya ile uliyopiga. Ukitaka kuisikia vizuri, chagua pikapu (sumaku inayonasa mtetemo wa nyuzi) ya karibu na shingo, funga toni ya gitaa mpaka mwisho, piga juu ya freti ya 12. Inatoka kama filimbi iliyopasuka. Kuna swichi ya hatua tatu: fazi mbili tofauti na ya tatu ni ya kupandisha nguvu tu. Mimi nimeganda kwenye ya kwanza. Ya pili imechimbwa katikati, ukiwa peke yako inatisha, ukiingia na besi na ngoma gitaa linazama. Kitufe cha besi na treble kiko kimoja juu ya kingine, uwe na vidole vyepesi. Boksi lake ni plastiki, kwa hiyo likanyage kwa heshima. Nililipa shilingi 140,000, na kwa kazi inayofanya ningelipa mara mbili. Inatumia betri ya mraba ya volti 9, ileile ya mita za mafundi umeme, sokoni Mwanga zipo.

Sasa hapa ndipo wengi wanapokata tamaa na kuuza pedali zao, na mimi nusura niuze. Nilichomeka gitaa kwenye fazi, fazi kwenye saundikadi, nikavaa hedifoni. Kilichotoka ni nyuki. Mzinga mzima wa nyuki ndani ya debe. Nilidhani pedali ni mbovu. Kumbe pedali haina kosa: spika ya gitaa haitoi sauti za juu sana, ikipita hezi 5,000 hivi inaanza kushuka haraka. Rekodi zote za zamani tunazozipenda zilipita kwenye spika kwanza, halafu maiki. Ukiikwepa spika, unasikia mabega yote ya mraba yakiwa uchi. Kama huna spika, weka ikwalaiza kwenye programu na ukate kila kitu kilicho juu ya 5,000. Nyuki wanaondoka papo hapo. Lakini kama unaweza kupata spika, tafuta spika.

Amplifaya ya gitaa sikuipata mjini. Nilikwenda kwa fundi redio mmoja Mwanga, nikamkuta na spika ya karatasi ya inchi 8 iliyotoka kwenye redio kubwa ya zamani. Akanitengenezea boksi la mbao lililo wazi nyuma, akafunga na bodi ya amplifaya ndogo, kazi yote shilingi 45,000. Nilimwambia sitaki besi wala king'ora, nataka iumie kidogo nikipandisha sauti. Akaniangalia, akasema, “Watu wananiletea zinazoumia nizitibu, wewe unataka niumize nzima.” Akaifanya hivyohivyo. Namshukuru sana fundi yule. Ile spika ya karatasi, na ukingo wake uliochoka, ndiyo gitaa langu leo.

Maiki ni habari ya uchungu. SM57 inatengenezwa tangu 1965, ni maiki ya kawaida kabisa mbele ya spika za gitaa duniani kote, na kwa sababu hiyo zinaigwa mno. Nilinunua ya kwanza kwenye duka moja Dar es Salaam kwa shilingi 180,000, nikaletewa kwa basi. Boksi safi, mfuko wa zipu, stika, kila kitu. Sauti ilikuwa nyembamba kama karatasi na ilivuma. Nilihangaika wiki mbili nikidhani ni waya. Siku moja nikasoma kwamba SM57 halisi ina uzito wa gramu 284. Nikaipeleka dukani kwa jirani yangu, mama anayeuza mchele na sukari, nikamwomba mizani. Haikufika hata gramu 240. Nikafungua mpini: ndani ya SM57 halisi kuna transfoma iliyozamishwa kwenye gundi ngumu, ndani ya yangu kulikuwa na waya mbili na hewa. Duka halikupokea simu tena. Ya pili nilimwagiza shemeji aliyekuwa anasafiri, aende kwa muuzaji aliyeidhinishwa, na alikwenda na mizani ndogo ya jikoni mfukoni. Shilingi 390,000. Sijuti.

Uiweke wapi? Mwanzoni niliisogeza mpaka ikagusa kitambaa cha spika, katikati kabisa. Ikatoka sauti kali ya redio. Sasa naiweka ukingoni mwa koni, umbali wa vidole vitatu, na inatazama pembeni kidogo. Kwa solo naivuta nyuma hatua moja na nusu, ili chumba nacho kiseme.

Scarlett Solo sina mengi ya kusema, na hiyo ni sifa. Ina tundu moja la maiki na moja la gitaa au laini. Pete ya taa kuzunguka kitufe inakuwa kijani ukiwa salama, njano ukikaribia, nyekundu ukizidi. Kosa la vijana wa bongofleva ninaowafahamu ni kurekodi karibu na nyekundu wakidhani ndiyo nguvu. Biti 24 zinakupa nafasi tele, acha vilele vyako viishie desibeli 12 chini ya dari, nguvu utaiweka baadaye. Jambo lingine: ukisikia mngurumo, chomoa chaja ya laptopu urekodi kwa betri. Kwangu nusu ya mngurumo iliondoka hapohapo. Nusu nyingine ilikuwa gitaa lenyewe, pikapu za koili moja zinanusa umeme wa nyumba nzima, na nimejifunza kugeuka taratibu kwenye kiti mpaka nipate upande usiovuma.

Reaper imenifaa kwa sababu za mtu wa Kigoma. Faili lake la kushusha ni dogo, chini ya megabaiti 30, unalipata kwa bando la siku. Unaijaribu siku 60 ikiwa kamili, hakuna kilichofungwa, kisha leseni ya mtu binafsi ni dola 60. Laptopu yangu ni ya mwaka 2013 na inaibeba bila kuhema. Ikwalaiza, dilei na rivebu zimo ndani tayari. Kugeuza sauti irudi kinyumenyume ni agizo moja, na gitaa la kinyumenyume ni kitu ambacho kila anayependa muziki huu lazima akijaribu angalau mara moja: piga solo, igeuze, sikiliza noti zinavyovimba kabla ya kukatika.

Kitu kimoja Reaper inakupa ambacho nilijinyima kwa makusudi ni njia zisizo na mwisho, yaani sauti nyingi upendavyo, kila moja ikirekodiwa kivyake. Mwaka 1966 na 1967 Beatles walikuwa wanafanya kazi London kwenye mashine za njia nne. Nne tu. Zikijaa, unazichanganya kuwa moja kwenye mashine nyingine, na hapo huna kurudi nyuma, ngoma na besi zimeshaoana milele. Nikajiwekea sheria hiyo. Ngoma na besi, njia moja. Gitaa la mpigo, moja. Fazi, moja. Sauti ya kuimba, moja. Athari ya sheria hii kwenye miksi ni kubwa kuliko plagini yoyote. Kwanza, nililazimika kuamua. Pili, kukawa na nafasi: fazi inakula masafa yote, ukiweka magitaa matano juu yake hakuna anayesikika.

Ngoma tulirekodi kwa maiki moja. Mpigaji ni kijana wa kwaya, ana mkono mwepesi. Niliiweka SM57 hatua moja mbele ya seti, usawa wa kifua, nikamwambia apige simbali kwa huruma. Besi ilichomekwa moja kwa moja. Basi.

Tuje kwenye ukungu, maana hapa ndipo nilipopata furaha kuliko kote.

Nilishusha rivebu za bure nyingi. Baadhi ni nzuri ajabu, kubwa kama mbingu, na ukubwa huo ndio shida yake kwa kazi hii. Zinang'aa. Rivebu za rekodi za wakati ule zilitoka kwenye springi, kwenye bamba la chuma, au kwenye chumba halisi. Studio za EMI za London, pale Abbey Road, zilikuwa na chumba kitupu kwa ajili ya mwangwi tu: spika upande mmoja, maiki upande mwingine, sauti inapigwa mle ndani na kurekodiwa ikirudi. Niliposoma hivyo nikacheka kwa furaha peke yangu, kwa sababu Kigoma hatuna studio za EMI lakini mapagale tunayo.

Kaka yangu anajenga Gungu. Nyumba ina bati, sebule imeshapigwa plasta, madirisha bado. Nilikwenda saa kumi na moja alfajiri, kabla majogoo na bodaboda hawajachangamka, na spika ya kuchaji, laptopu, saundikadi, na maiki. Spika nikaielekeza kwenye kona, isitazame maiki. Maiki nikaipeleka chumba cha pili, mlangoni. Nikapiga njia ya fazi peke yake. Ilirudi na mkia wa sekunde moja na nusu hivi, una vumbi, hauko sawa pande zote, na kwa mbali unasikia ndege mmoja. Nikaurudia nikiwa nimeichelewesha sauti milisekunde 120 kabla ya kuipeleka kwenye spika, na hapo gitaa likasimama mbele, ukungu wake ukafuata nyuma kama moshi wa meli. Nilikaa juu ya tofali nikasikiliza mara nne. Nilikuwa mkekani tena.

Onyo: usiende masika. Tone la kwanza likigusa bati, kazi imekwisha.

Halafu redio kaseti. Ni ya Mzee, ya spika mbili, ina tundu la kuingizia sauti nyuma. Ilikuwa imekaa kabatini miaka. Fundi yuleyule wa Mwanga alibadilisha mkanda wa mpira kwa shilingi 8,000 na kusafisha hedi kwa spiriti. Nikatoa sauti kwenye tundu la hedifoni la Scarlett, nikaingiza kwenye redio, nikarekodi kwenye kaseti kwa sauti ya juu kidogo kuliko inavyoruhusu, kisha nikairudisha kwenye kompyuta. Njia moja moja. Kaseti inakimbia sentimita 4.76 tu kwa sekunde, wakati mashine za studio zilikuwa zinakimbia sentimita 38, kwa hiyo usitegemee usafi wa studio. Unachopata ni ncha za ngoma zilizolainika na mvumo wa upepo chini ya kila kitu. Kwenye ngoma ni dawa. Kwenye sauti ya kuimba nilitia kidogo.

Lakini zawadi kubwa ya redio ile sikuitegemea. Mwaka 1966 John Lennon wa Beatles alikuwa amechoka kuimba kila wimbo mara mbili ili sauti inenepe. Fundi wa EMI aitwaye Ken Townsend akabuni njia: sauti ileile ichezwe kutoka mashine mbili kwa pamoja, moja ikichelewa kidogo, na mwendo wake ukichezewa kwa mkono, ili sikio lidhani ni watu wawili. Sasa, motari ya redio ya Mzee haikimbii sawasawa. Ukiweka njia halisi na ile iliyopita kwenye kaseti pamoja, zinaanza zimeshikana, halafu zinaachana taratibu, milisekunde 5, 20, 40. Mwanzoni zikiwa karibu sana unasikia ule mzunguko wa ndege inayopita juu angani. Zikiachana kidogo, sauti yangu inakuwa ya watu wawili. Zikizidi inakuwa mwangwi, unakata na kuzishikanisha upya. Piga kofi moja kali mwanzo wa kila njia ili upate mahali pa kuzilinganisha, bila hilo utapoteza usiku.

Plagini za mkanda zinajaribu kufanya hivihivi. Nilizijaribu tatu, kwa haki kabisa, wiki moja kila moja. Kuyumba kwake nilikuwa nakitambua baada ya dakika, kunakwenda na kurudi kwa mpangilio. Motari ya Mzee haina mpangilio, inategemea imepata joto kiasi gani na kaseti imefika wapi. Kama huna redio kaseti zitumie, hazina ubaya. Ila kwanza ulizia kwa wazazi na wajomba, nyumba nyingi hapa bado zina moja juu ya kabati.

Nilijaribu pia feni. Spika ya Leslie, ile ya kinanda cha Hammond, ina pembe inayozunguka na kuitikisa sauti, na Beatles waliwahi kupitisha sauti ya Lennon humo. Niliweka boksi langu la spika nyuma ya feni ya kusimama, maiki mbele pembeni nje ya upepo, mwendo wa chini kabisa. Sauti inakatwakatwa na panga, inatetemeka vizuri kwenye akodi ndefu. Mvumo wa motari unaingia, lakini ukipiga kwa nguvu unafunikwa. Nimeitumia sehemu moja tu ya wimbo, sekunde kama 20.

Kwa anayeanza leo na fedha kidogo, mpangilio wangu ungekuwa huu: SF300, saundikadi ya aina yoyote yenye tundu la gitaa, Reaper kwa siku zake 60, na kukata juu ya 5,000 mpaka upate spika. Maiki isubiri hadi uweze kununua halisi na kuipima. Mwangwi tafuta mwenye pagale.

Wimbo wenyewe uliisha mwezi uliopita, dakika nne na sekunde kumi. Sikumpelekea Mzee kwenye simu. Niliuhamishia kwenye kaseti, nikaandika juu yake KIGOMA kwa wino wa bluu, nikaiweka kwenye redio yake, pale pale kibarazani. Anasikia kwa shida sasa, kwa hiyo alivuta kiti mpaka goti likagusa spika. Fazi ilipoingia alifumba macho. Wimbo ulipokwisha hakusema kitu. Alibonyeza kitufe, akaitoa kaseti, akaigeuza, akairudisha, akabonyeza tena na kusubiri. Ulisikika upepo tu.

“Na upande wa pili?” akauliza.

Nimenunua betri mpya ya volti 9. Jumamosi alfajiri narudi Gungu.